Uzi: Ujasiri wa askari hujengwaje, huishaje, na hurudishwaje baada ya kuvua sare

Zamu ya Alfajiri (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kila mada ya askari ikiletwa jukwaani huishia kwenye maneno mawili: fulani ana roho ngumu, fulani mwoga. Ni kana kwamba mtu huzaliwa na kimojawapo akazikwa nacho. Maneno hayo yameumiza watu wengi, walio kazini na waliokwisha kuvua sare, na nimeona tuliweke jambo hili sawa.

Charles Wilson, ambaye baadaye aliitwa Lord Moran na akawa daktari wa Churchill, alikaa mahandakini akiwa daktari wa kikosi katika Vita Kuu ya Kwanza. Alichokiona ni kwamba ujasiri ni akiba. Kila mtu ana yake, kubwa au ndogo, na kila siku ya makombora, baridi, kukesha na kuzika wenzake huchota humo. Ikikauka, mtu amekwisha, hata kama wiki iliyopita ndiye aliyeongoza shambulio. Mwaka 1946 madaktari Swank na Marchand waliandika kuhusu askari wa Marekani waliopigana Normandy, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Pili. Uchovu wa vita ulianza kuonekana baada ya siku kama 25 hadi 30 za mapigano mfululizo, na kufikia siku ya 60 karibu wote waliokuwa bado hai walikuwa wamevunjika. Hao hawakuwa waoga. Walikuwa wameachwa mstari wa mbele kupita kiasi ambacho mwili wa binadamu unaweza kubeba.

Kutolijua hili kuna gharama yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari 306 wa Uingereza na himaya yake walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga, na walisamehewa 2006. Na vita hivyo vikiendelea, tangu 1915, mwanasaikolojia Charles Myers alikuwa ameshaandika kuhusu mshtuko wa makombora, yaani akili kuvunjika kwa mapigano.

Swali langu ni moja: akiba hiyo huongezwaje kabla ya kazi, hulindwaje wakati wa kazi, na hurudishwaje baadaye? Wakufunzi, matabibu, mnaohudumia wastaafu wa jeshi, karibuni. Naomba hatua na vipimo. Hamasa tunazo za kutosha.

---

Mkufunzi wa Depo

Mkuu, nianzie kwenye mafunzo.

Kosa kubwa la wakufunzi ni kuanza na kelele. Kuruta hajajua kuondoa risasi iliyokwama, tayari anapigiwa baruti sikioni na kutukanwa. Anachojifunza hapo ni kuchanganyikiwa, na ndicho atakachokirudia siku ya kweli. Utaratibu unaofaa, ambao mwanasaikolojia Donald Meichenbaum aliupanga, una awamu tatu: kwanza mweleze hofu ni nini na mwili utafanya nini, pili mfundishe ujuzi mahali tulivu mpaka mikono izoee, tatu ndipo uongeze shinikizo.

Na shinikizo huongezwa moja moja. Anza na muda: kazi ya sekunde 20 aifanye kwa 12. Akishaimudu, weka kelele. Kisha uchovu, giza, taarifa zinazogongana redioni, na mwisho mwenzake "aliyejeruhiwa" ambaye hataacha kupiga yowe. Akishindwa, rudi ngazi moja nyuma, afanikiwe, ndipo aondoke uwanjani. Usimruhusu akalale na kushindwa kama kumbukumbu ya mwisho ya zoezi.

Awamu ya kwanza wengi huiruka, nayo ndiyo rahisi kuliko zote. Waambie mapema: vidole vitakuwa vizito, masikio yataziba, macho yataona kama unachungulia kwenye bomba, sekunde zitarefuka, huenda ukajikojolea. Hayo yote ni mwili unaojiandaa. Asiyeambiwa akijikojolea huamini amejigundua kuwa mwoga, na kuanzia hapo anapigana vita viwili.

Pumzi nayo ina ufundi wake. Vuta kwa hesabu ya nne, bana kwa nne, toa kwa nne, kaa bila hewa kwa nne. Mizunguko mitatu au minne. Weka kiganja tumboni. Kama mabega ndiyo yanayopanda, bado hujaipata. Anayehisi kukabwa anapobana aache kubana: avute kwa nne, atoe kwa sita. Na usimdanganye kuruta kwamba ataifanya akikimbia kuvuka uwazi. Nafasi yake ni zile sekunde za katikati: ndani ya gari kabla mlango haujafunguka, umekaa nyuma ya ukuta, kabla hujabonyeza redio kutoa taarifa. Ifanyeni kila siku baada ya kwata, la sivyo siku ya siku hakuna atakayeikumbuka.

---

Jani Kavu

Nimewahi kusikia kwamba mapigo ya moyo yakifika 145 kwa dakika mtu hupoteza ujuzi wa vidole, yakifika 175 akili inazima kabisa. Ni kweli?

Mkufunzi wa Depo

Zichukulie namba hizo kwa uangalifu, mkuu. Mkimbiaji hufika 175 na bado anafunga kamba ya kiatu. Kinachoharibu vidole ni hofu yenyewe, na kiwango hutofautiana kati ya mtu na mtu kulingana na mazoezi. Dalili ni za kweli. Ngazi zilizopimwa kwa namba kamili ndizo zisizo na msingi imara.

---

Tabibu wa Kikosi

Nitaongeza mfano mmoja wa karibu, maana hapa ndipo ujasiri na mikono hukutana: ukanda wa kubania damu.

Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, hata tatu. Jasiri asiyejua ukanda atamkumbatia mwenzake huku anakufa. Mwenye hofu tele lakini mikono inajua, atamwokoa.

Mkiwa chini ya risasi, usitafute jeraha. Pitisha ukanda juu kabisa ya paja au mkono, juu ya nguo, ukaze. Mkishapata kinga, funua, na ikibidi weka mwingine kwenye ngozi, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, kamwe usiuweke juu ya goti au kiwiko. Vuta mkia wa ukanda kwa nguvu zako zote *kabla* ya kusokota. Kipimo: ncha za vidole vitatu zisipenye kati ya ukanda na ngozi. Kisha sokota kijiti mpaka damu ikome na mapigo ya chini ya jeraha yapotee, kifunge kwenye ndoano, andika saa.

Ukanda hushindwa kwa sababu zilezile kila mara. Ukanda ulikuwa umelegea, kijiti kikazungushwa mizunguko mitano bila kubana kitu. Mfukoni mlikuwa na simu au magazini ya risasi, ukanda ukakazwa juu yake. Au majeruhi alilia, mwenzake akaona huruma akaacha mapema. Hili la mwisho lifundisheni kwa maneno: *ataumia kuliko jeraha lenyewe, atakuomba ulegeze, na wewe hutalegeza.* Muda ambao kwa kawaida hauharibu mguu ni saa mbili. Baada ya hapo anayeamua ni mtaalamu. Damu ikiendelea, weka wa pili kando ya wa kwanza.

Mazoezi: kwa mkono usio wako wa kawaida, umelala, gizani, viganja vimelowa mafuta. Kikosi kizima kiweke ukanda mahali pamoja, panapofikiwa na mikono yote miwili. Na ukanda wa mazoezi usiwe ule wa kazini, kijiti cha plastiki huchoka kikakatika siku unapokihitaji.

---

Jani Kavu

Shukrani, tabibu. Je, mtu akiganda? Yuko hai, hana jeraha, anatazama tu.

Tabibu wa Kikosi

Hilo lina hatua zake sita. Ziliundwa katika jeshi la Israeli, Wamarekani wakazichukua na kuziboresha. Huchukua chini ya dakika moja, na kila askari anaweza kujifunza, si matabibu peke yao.

Kwanza *mtambue*: hajibu, anatetemeka, au anafanya jambo moja bila kukoma. Pili *mfikie*: shuka usawa wa macho yake, mguse bega au mkono, mwite kwa jina lake. Tatu *mhakikishie*: "Niko hapa na wewe." Nne *muulize mambo yenye jibu fupi la kweli*: "Nani kamanda wako? Mko wangapi kwenye sekisheni? Redio iko wapi?" Tano *mpangie matukio*: "Kombora limeanguka. Limekwisha. Sasa tunasogea ukutani, gari linakuja." Sita *mpe kazi*: "Hesabu magazini zako, niambie."

Wengi hukosea kwenye hatua ya nne, wakauliza "Unajisikiaje?" Swali hilo humrudisha palepale alipokwama. Sehemu ya ubongo inayohesabu na kupanga ndiyo unayotaka kuiamsha, na huamshwa na maswali ya ukweli na kazi ndogo. Usimkumbatie kama mtoto, usimzabe kofi. Kumpokonya kazi ukamkalisha pembeni peke yake nalo ni kosa. Utakuwa umemthibitishia kile anachokiogopa.

---

Afisa Zamu

Naona usingizi haujatajwa, na kwangu ndio wa kwanza.

Mtu aliyekaa macho saa 17 huwa na uwezo sawa na aliyekunywa pombe mpaka miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu. Akifika saa 24 ni kama miligramu 100. Kamanda anayejisifu kwamba hajalala siku mbili anaongoza watu akiwa amelewa, na mbaya zaidi, hajui. Anachopoteza kwanza ni busara: kutofautisha mkulima na adui, kugundua kwamba amri imepitwa na hali. Mikono hubaki ikifanya kazi muda mrefu baadaye.

Vitendo basi. Panga zamu za kulala kama unavyopanga risasi, kwa maandishi, kamanda na naibu wake wasikeshe pamoja. Usingizi wa dakika 20 hadi 30 husaidia. Ukiurefusha kidogo tu, mtu huamka mzito, kwa hiyo mpe robo saa kabla hajashika usukani au silaha. Kafeini miligramu 200, takriban vikombe viwili vya kahawa, kila baada ya saa tatu au nne, na isinywewe saa sita kabla ya muda wa kulala. Kafeini huchelewesha deni. Hailipi.

---

Zamu ya Alfajiri

Afande, umenena. Na aliyevunjika kabisa huko mbele, arudishwe nyumbani au abaki?

Tabibu wa Kikosi

Kanuni ni ya zamani, daktari wa akili Thomas Salmon aliiandalia jeshi la Marekani 1917 baada ya kuona kazi ya Waingereza na Wafaransa: atibiwe karibu na kikosi chake, mapema, na kwa matarajio ya wazi kwamba atarudi. Kimatendo ni siku moja hadi tatu nyuma kidogo ya mapigano. Chakula cha moto, maji ya kuoga, nguo safi, usingizi, kazi nyepesi. Abaki na sare yake, aitwe kwa cheo chake, asiitwe mgonjwa. Wenzake wamtembelee.

Ukimpeleka mbali harakaharaka, hujifunza mambo mawili: kwamba ameharibika, na kwamba amewaacha wenzake. La pili humtafuna miaka. Lakini kanuni hii ni ya uchovu wa vita. Anayeona visivyokuwepo, anayetaka kujidhuru, au aliyepigwa na mlipuko akapoteza fahamu, huyo apelekwe kwa daktari. Ubongo uliotikiswa hautibiwi kwa chai na blanketi.

---

Baada ya Sare

Nafanya kazi na wastaafu wa jeshi, nitachukua sehemu ya kurudi.

Tulianze na lililopitwa na wakati: kuwakusanya watu siku hiyohiyo baada ya tukio na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichohisi. Utafiti ulishaonyesha kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na baadhi huumia zaidi. Wapeni taarifa za kweli za kilichotokea, chakula, usingizi, na mtu wa kuwaangalia wiki zinazofuata. Anayetaka kusema asikilizwe. Asiyetaka aachwe.

Kituo cha katikati nacho kina faida. Waingereza waliotoka Iraki na Afghanistan walikuwa wakipitishwa Cyprus kwa takriban siku moja na nusu: kuoga, kuogelea, bia chache zilizohesabiwa, maelezo mafupi kuhusu maisha ya nyumbani, pamoja na kikosi kilekile. Tatizo la ndege ni kasi yake. Asubuhi mtu yuko kwenye doria, usiku anaambiwa achague rangi ya mapazia.

Sasa nyumbani. Kila tabia inayoshangaza familia ilikuwa ujuzi mahali fulani. Kuendesha gari katikati ya barabara kulimkinga na mabomu ya pembeni. Kukaa mgongo ukutani kulimruhusu kuona mlango. Kufoka kitu kisipowekwa mahali pake kulitokana na ukweli kwamba huko, kifaa kikikosekana, mtu hufa. Kukaa kimya kulilinda siri za operesheni. Anayemwambia "acha ukichaa" anamwambia aache kilichomrudisha hai. Afadhali aambiwe ujuzi huo ni halali, ila kituo cha kazi kimebadilika, na sasa tunafanya mazoezi ya ujuzi mwingine.

Mazoezi hayo yana hatua. Aandike orodha ya mahali anapopakwepa, kila pamoja na kiwango cha hofu kutoka 0 hadi 100. Aanze na pa 40 au 50, tuseme duka dogo wakati watu ni wachache. Akae dakika 30 hadi 45, au mpaka hofu ishuke nusu. Arudie pale pale siku kadhaa kabla ya kupanda ngazi. Akitoka hofu ikiwa kileleni, mwili unaandika kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho ni vigumu zaidi. Kosa la chinichini ni kinga za siri: anakwenda sokoni, ndiyo, lakini kwa kofia usoni, ameshikilia mkono wa mkewe, macho kwenye mlango wa kutokea. Hapo zoezi halijafanyika.

Dalili zikizidi mwezi mmoja (kumbukumbu zinazovamia, kukwepa, mawazo na hisia zilizobadilika kuwa mbaya, mwili usiotulia) aende akapimwe PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe. Dodoso linalotumika sana lina maswali 20, alama 0 hadi 80. Akifika 31 hadi 33 anahitaji uchunguzi kamili. Alama peke yake si ugonjwa. Tiba zenye ushahidi zipo: ya kuchambua mawazo kuhusu tukio, kwa kawaida vikao 12, ya kulikabili tukio hatua kwa hatua, vikao 8 hadi 15 vya dakika 90, na ya kusogeza macho. Dawa kama sertraline husaidia baadhi. Vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepam havipendekezwi kwa PTSD: humlaza leo, na kumfunga kesho.

---

Mama Wawili

Samahani kwa kuingilia. Mwenzi akipiga kelele usingizini nifanye nini? Na pombe, anasema ndiyo inayomlaza.

Baada ya Sare

Hujaingilia, dada yangu, uzi huu ni wenu pia.

Usimtikise, wala usimwinamie usoni. Ondoka kitandani, simama upande wa miguu yake, washa taa, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, mwambie yuko wapi: "Uko nyumbani, ni mimi." Subiri macho yake yakutambue ndipo usogee. Zungumzeni mchana, mkubaliane yeye mwenyewe angependa kuamshwaje.

Pombe humlaza haraka, kweli. Lakini hukandamiza usingizi wa ndoto nusu ya kwanza ya usiku, kisha ndoto hurudi kwa nguvu alfajiri. Kama anakunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, anaweza kupata degedege, daktari amsimamie.

Na kuna swali ambalo watu huogopa kuliuliza. Ukisikia "mngepumzika bila mimi", au anagawa vitu vyake, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, tafuteni msaada wa dharura siku hiyohiyo. Silaha na dawa nyingi zitoke nyumbani kwa muda, zitunzwe na mwingine, kwa sababu wimbi kali mara nyingi huwa fupi na umbali hununua muda. Likipita, andikeni mpango kwenye karatasi moja: dalili zake za mwanzo, anachoweza kufanya mwenyewe, mahali na watu wa kumtoa kwenye mawazo, wa kuwaambia, wataalamu wa kupigia, na namna ya kuweka nyumba salama. Nakala moja ikae mfukoni mwake.

---

Mkufunzi wa Depo

Kuna wasioogopa chochote lakini hawalali. Si hofu, ni jambo walilolifanya, au waliloshindwa kulizuia.

Baada ya Sare

Umegusa penyewe, mkuu. Daktari wa akili Jonathan Shay, aliyewatibu askari wa Marekani waliopigana Vietnam, aliliita jeraha la kimaadili. Hofu haimo, kuna aibu, hatia, au hasira kwa mkubwa aliyewasaliti. Kumwambia "haikuwa kosa lako" huwa hakumfikii, maana wakati mwingine anajua sehemu fulani ilikuwa yake. Mnachofanya ni kurudi kwenye dakika ile: alijua nini *wakati ule*, alikuwa na sekunde ngapi, njia nyingine zilikuwa zipi kweli. Mara nyingi anajihukumu kwa taarifa alizozipata baadaye. Ikibaki sehemu iliyo yake, basi atafute cha kurekebisha: kuisaidia familia, kusema ukweli, kufundisha vijana. Wengine humhitaji kiongozi wa dini kabla ya daktari, na tabibu mwenye akili hatalizuia hilo.

---

Jani Kavu

La mwisho, wakuu. Kuna anayefanya tiba ile ya kulikabili tukio, yuko kikao cha tatu, ndoto zimeongezeka. Anataka kuacha.

Baada ya Sare

Mwambie asiache kabla hajamweleza mtabibu wake hivyohivyo ulivyoniambia. Kwa baadhi ya watu dalili hupanda kidogo vikao vya mwanzo, kwa kuwa kitu kilichofungwa kimeguswa, na kwa wengi hushuka wakiendelea. Waangalie pamoja mambo matatu: je, rekodi ya kikao, ile anayopewa asikilize nyumbani, anaisikiliza kila siku, au mara moja tu usiku wa kuamkia kikao? Je, anaisikiliza kitandani? Aihamishie mchana, mezani, na saa moja baadaye awe na kazi ya mikono. Je, ameanza kunywa ili aivumilie? Akijibu hayo kwa ukweli, mtabibu anaweza kupunguza mwendo, akaanza na sehemu ya tukio isiyo kali zaidi. Kama ni mawazo ya kujidhuru ndiyo yameongezeka, asingoje kikao cha nne. Apige simu leo.

Jani Kavu

Nampelekea maneno haya sasa hivi.